Macho Hayana Pazia

Kuna hukumu ilishatolewa juu ya filamu ya Anna Karenina ya mwaka 2012, na imerudiwa mara nyingi mno hata wanaoirudia leo hawaoni haja ya kuitazama filamu yenyewe. Hukumu ni fupi: inapendeza macho, haina moyo. Joe Wright, wanasema, alikabidhiwa hadithi kuu ya mapenzi ya Leo Tolstoy akaifungia ndani ya jengo la tamthilia, akaivika lulu na manyoya, akawapanga waigizaji kama vikaragosi, na penzi likafa kwa baridi kabla treni haijafika. Ushahidi wanaoupenda ni wa tuzo za Oscar. Filamu iliteuliwa katika vipengele vinne, vyote vya ufundi: upigaji picha, muziki, usanifu wa mandhari na mavazi. Ikashinda kimoja, cha mavazi, kazi ya Jacqueline Durran. Basi, wanahitimisha, ni filamu ya magauni. Nyumba njema si mlango.

Nimeikuta hukumu hiyo magazetini, nimeikuta kwa walimu wa fasihi na kwa marafiki ninaowaheshimu, na kwa miaka kadhaa niliibeba mwenyewe. Leo naipinga. Sipingi kwa kudai kwamba uzuri nao una thamani yake. Huo ni utetezi wa kuomba radhi. Ninachosema ni kwamba jengo lile la tamthilia ndilo moyo wa filamu, na kwamba baridi inayolalamikiwa haitoki jukwaani. Inatoka vitini.

Kwa asiyeiona, nieleze kinachogombewa. Filamu inafungua pazia mwaka 1874, na karibu maisha yote ya mjini, ya Moscow na ya Petersburg, yanapita ndani ya jengo moja kuukuu la tamthilia lililojengwa katika studio za Shepperton, nje kidogo ya London. Stiva Oblonsky, kaka yake Anna, ananyolewa jukwaani na kinyozi anayerusha shuka kama mcheza na fahali. Ofisini makarani wanagonga mihuri kwa mpigo mmoja, kisha ofisi hiyohiyo inapanguliwa mbele yetu: meza zinaondoka, wahudumu wanaingia, watu wanavua koti moja na kuvaa jingine, na tumeshafika mkahawani. Treni ya kuchezea ya mtoto inageuka treni ya kweli iliyogandiwa na barafu. Mbio za farasi zinakimbiwa jukwaani, na farasi wa Vronsky, ofisa kijana anayependana na Anna, akianguka, anaangukia chini ukumbini. Ukipanda juu, kwenye kamba na madaraja ya mbao yanayoshikilia mandhari, utawakuta wale ambao mji hautaki kuwaona. Huko ndiko Levin, kabaila anayeishi shambani, anakomfuata ndugu yake Nikolai, mlevi na mgonjwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani inahusu lilikotoka wazo hili. Tom Stoppard aliandika mswada wa filamu ya kawaida, ya majumba na mabustani. Wright na wenzake walikuwa wameshazunguka kukagua majumba yenyewe, gharama zikawaelemea, na wazo la jukwaa likaja upigaji ukiwa umekaribia. Kwa hiyo, tunaambiwa, hiki ni kiraka cha uhaba kilichopewa jina la sanaa. Kwamba wazo lilichelewa ni kweli. Lakini sijapata kuona shairi likidharauliwa kwa sababu kina kilimlazimisha mtunzi kutafuta neno ambalo asingelifikiria. Kubanwa ni nusu ya utunzi, na kila aliyewahi kuhesabu mizani analijua hilo. Isitoshe, aliyebanwa hapa alikuwa na kisima cha kuchotea. Wazazi wa Wright ndio walioanzisha Little Angel, ukumbi wa vikaragosi huko Islington, London. Amekua akiuona upande wa pili wa pazia, ambako kila anayecheka mbele ya watu anaonekana jinsi nyuzi zilivyomshika mabega.

Mara ya pili niliitazama filamu hii Tanga, sebuleni kwa mama mkubwa, ambaye hajamsoma Tolstoy. Tulifika pale ambapo Anna, akiwa ameshamwacha mumewe na anaishi na Vronsky waziwazi, anakwenda opera amevaa gauni jeupe. Mwanamke wa roshani ya jirani anamtolea maneno. Ukumbi mzima unageuka. Darubini, pepeo, nyuso chungu nzima zimeganda zikimtazama mtu mmoja. Mama mkubwa akaweka kikombe chini.

“Wanamsuta,” akasema. Kisha, baada ya kitambo: “Na ngoma hawakupiga, mwanangu. Kimya kimya hivyo ndiko kubaya zaidi.”

Hakuwa amesoma hata uhakiki mmoja. Alikuwa ameona misuto: wanawake wanavyoshona sare, wanavyokwenda na matarumbeta hadi mlangoni kwa mtu, wanavyomwimbia aibu yake mpaka mtaa mzima utoke nje. Anajua kwamba katika kusuta maneno ni kitu kidogo. Kikubwa ni duara la watu. Pasipo duara hakuna msuto, kuna ugomvi wa watu wawili tu. Wright amelijenga duara hilo kwa mbao, akalipaka dhahabu, akamtia Anna katikati yake tangu mwanzo, wakati bado anapendwa, wakati duara lile lile bado linamshangilia kwa uzuri wake. Wanaolalamika kwamba jukwaa linatutenga na Anna wameona sawasawa. Limetutenga naye kwa kutuweka mahali petu. Sisi ni sehemu ya duara.

Watasema: hayo ni ya Wright, Tolstoy aliandika mioyo ya watu. Basi tumrudie Tolstoy mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo hukumu yao inapovunjika vipande.

Dansi kuu ya Moscow, usiku ambao Anna na Vronsky wanavutwa pamoja, Tolstoy hakuisimulia kwa macho ya Anna wala ya Vronsky. Aliisimulia kwa macho ya Kitty, binti aliyekuja akingoja Vronsky amtamkie posa usiku uleule. Kitty alimtaraji Anna avae zambarau; Anna amekuja na mahameli nyeusi, na papo hapo Kitty anaelewa kwamba nyeusi ndiyo yake. Kisha anamwona Vronsky akimwangalia Anna kwa uso ambao yeye hajawahi kuuona, na analisoma penzi la watu wawili kabla wenyewe hawajathubutu kulitamka. Penzi hili, katika riwaya, limezaliwa likiwa na shahidi. Filamu inapowagandisha wachezaji wote wakati Anna na Vronsky wanapita kati yao, ikawarudishia uhai mmoja baada ya mwingine kadiri wawili hao wanavyowagusa kwa mwendo wao, kisha ikawaacha peke yao gizani, halafu ghafla ikaurudisha umati wote na uso wa Kitty, imefanya kwa miili kile ambacho Tolstoy alikifanya kwa mpangilio wa sura. Wapendanao walidhani wako peke yao. Hawakuwa.

Mbio za farasi Tolstoy amezisimulia mara mbili. Kwanza tuko mgongoni kwa farasi Frou-Frou pamoja na Vronsky, hadi kosa lake la kukaa vibaya kwenye tandiko linapomvunja mgongo mnyama yule. Kisha riwaya inarudi nyuma, inatupeleka kwa watazamaji, na mbio zilezile tunaziona kwa namna nyingine kabisa: Karenin, mume wa Anna, hatazami farasi, anautazama uso wa mkewe anayemtazama Vronsky. Anajua kwamba si yeye peke yake anayeusoma uso huo. Mara tatu anamnyoshea Anna mkono waondoke, na Anna anapolia anasimama mbele yake kumkinga, apate muda wa kujizuia. Mume anakuwa pazia la mkewe, na pazia halitoshi. Filamu imeyakusanya yote haya katika kitu kimoja kidogo, upepeo mkononi mwa Anna, unaopiga haraka, haraka zaidi, hadi mlio wake unakuwa kwato za farasi. Niambieni penye ubaridi hapo. Mimi kila mara nikifika pale hushika pumzi.

Na opera ile iliyomfanya mama mkubwa aweke kikombe chini? Katika riwaya hatulisikii tusi likitamkwa. Tuko na Vronsky, aliyefika amechelewa. Anainua darubini, anaona mwanamke amesimama amempa Anna mgongo na anavaa vazi lake la nje kwa hasira, anaona mume wa mwanamke huyo akitapatapa kutaka kumwinamia Anna kwa heshima, na inambidi Vronsky awaulize watu kumetokea nini. Tolstoy ni mwandishi aliyeweza kuingia katika kichwa cha yeyote. Katika riwaya hiihii anaingia hata katika mawazo ya Laska, mbwa wa Levin wa kuwindia. Lakini kwenye saa ya aibu kuu ya Anna alichagua kukaa nje na darubini, kama watu wengine wote. Mwandishi asingefanya hivyo kwa bahati mbaya.

Waswahili wana msemo kwamba macho hayana pazia, nao kwa kawaida husemwa kumsamehe mtazamaji: jicho limeona, lingefanyaje? Tolstoy hakuwa mwepesi kiasi hicho wa kusamehe jicho. Na sheria ya nchi yake ilimpa sababu.

Talaka katika Urusi ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa Kanisa la Kiorthodoksi. Mtu aliyetaka kuachana na mwenziwe kwa uzinzi alitakiwa kuleta mashahidi walioona kwa macho. Karenin anakwenda kwa wakili, naye wakili, huku akidakadaka nondo wanaoruka ofisini mwake, anamweleza kwamba barua za mapenzi alizozikamata hazitoshi. Mapadri katika mambo haya wanataka undani. Kulikuwa na njia nyingine, na watu wa tabaka la Karenin waliijua: mume asiye na hatia akubali kuibeba hatia, lipangwe fumanizi la uongo, watu waletwe waone kisichokuwepo, waende wakaape. Kwa nini mume abebe kosa lisilo lake? Kwa sababu aliyepatikana na hatia hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Anna akihukumiwa kwa haki, hawezi kuwa mke wa Vronsky. Na mtoto wake, Seryozha, anabaki kwa baba. Binti aliyemzalia Vronsky naye, kwa sheria, ni wa Karenin. Vronsky analieleza hili kwa Dolly, mke wa Stiva, akiwa na uchungu ambao ni nadra kuuona kwake: mtoto wangu si wangu, na watakaofuata hawatakuwa wangu.

Fumanizi la kupangwa, mashahidi wa kukodiwa, hatia ya kuigiza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, si fikra za mwongozaji filamu wa Kiingereza. Filamu haina nafasi ya kuieleza kifungu kwa kifungu, na wahakiki wanaodai uhalisi hawaitaji kabisa. Lakini kila pazia linapopanda katika filamu hii, na kila mtu anapokaa mahali alipopangiwa, tunaelezwa jambo lile lile: hapa ndoa ni tamthilia kwa amri ya serikali na kanisa, na asiyeweza kuicheza atashushwa jukwaani. Stiva analijua hilo. Riwaya inaanza na uzinzi wake, na mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akifundisha watoto wake, na mkewe Dolly anasamehe, naye anaendelea kunenepa na kupendwa na kila mtu. Betsy, bibi wa daraja la juu huko Petersburg, ana wapenzi wake na sebule yake haipungui wageni. Mama yake Vronsky alifurahi mwanzoni mwanawe alipopata mpenzi wa daraja la juu. Alichukia pale alipoona kijana amependa kweli. Hakuna hata mmoja katika hao aliyemlaumu Anna kwa kuzini. Kosa lake ni kuacha kuigiza.

Sasa nifike kwenye hoja nzito kuliko zote, ile ambayo wapinzani wenye kusoma huiweka mwisho kama turufu. Tolstoy, wanasema, aliichukia tamthilia. Katika Vita na Amani alimpeleka Natasha opera, msichana aliyetoka shamba karibuni, akamfanya aone karatasi ngumu zilizopakwa rangi kuwa miti na watu wazima wanaopunga mikono na kuimba bila sababu. Miaka ya baadaye, katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa, alianza na mazoezi ya opera moja na akayadhihaki kwa ghadhabu ya mtu aliyeona pesa za maskini zikichomwa moto. Kumfungia mwandishi huyo katika jengo la tamthilia si usaliti?

Ni kinyume chake. Natasha anapoona karatasi iliyopakwa rangi mahali ambapo wengine wanaona msitu, Tolstoy anatufundisha namna ya kutazama mambo ya wakubwa: toa jina lake, toa mazoea, eleza unachokiona. Mhakiki wa Kirusi Viktor Shklovsky, mwaka 1917, alikipa jina kitendo hicho cha kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, na mifano yake mingi aliichukua kwa Tolstoy huyuhuyu. Wright amefanya nini zaidi ya hapo? Ametuonyesha kamba. Ametuonyesha kwamba jumba la kifahari ni ubao, kwamba heshima ya ofisi ni mihuri inayogongwa kwa mdundo, kwamba bustani ni turubai. Filamu nyingine za kihistoria hutumia fedha nyingi kutufanya tuamini lile jumba. Sisi tunatoka tukiwa tumelipenda, tukitamani japo usiku mmoja wa mishumaa na walzi. Hayo ndiyo Tolstoy angeyachukia. Mtu aliyeichukia tamthilia kwa sababu ya uongo wake ametendewa haki na filamu inayoitumia tamthilia kama jina la uongo. Na tukumbuke kwamba hakuchukia jukwaa lenyewe: Nguvu za Giza, tamthilia yake ya mwaka 1886 juu ya mauaji kijijini, ni kazi ya mtu aliyejua jukwaa linaweza kubeba ukweli likitakiwa.

Juu ya uhalisi, sitakawia. Mwaka 1997 Bernard Rose alikwenda Urusi kwenyewe na Sophie Marceau na Sean Bean, akapiga filamu katika majumba ya kweli ya Petersburg. Sakafu ni za kweli, theluji ni ya kweli, na macho yangu yalikuwa yakihama kutoka kwa Anna kwenda kwenye dari. Kama kweli ya mahali ingetosha kuipa hadithi uhai, tungekuwa tunaizungumza filamu ile leo. Tena, Petersburg ni mji gani? Peter Mkuu aliuanzisha mwaka 1703 kwenye kinamasi, akawaamuru makabaila wajenge kwa mtindo wa Ulaya, wanyoe ndevu, wavae kama watu wa Magharibi. Wajukuu wao waliongea Kifaransa mezani na kuagiza mitindo Paris. Wright amesema kwamba wazo lake lilipata nguvu kwa mwanahistoria Orlando Figes, aliyewaeleza makabaila hao kama watu walioishi kana kwamba wako jukwaani daima. Mandhari ya kuigiza ilikuwepo Petersburg kabla Shepperton haijajengwa.

Kuna lawama nyingine ndogo, ila imeshika mizizi: Vronsky huyu. Aaron Taylor-Johnson alikuwa na miaka 21 wakati wa upigaji, amepakwa nywele rangi ya dhahabu, masharubu yake hayajakomaa, na watazamaji wanauliza mwanamke kama Anna angepoteza kila kitu kwa kijana huyu? Swali lenyewe ndilo linaloniudhi. Ina maana kwamba angekuwa mwanaume mzito zaidi, mwenye kifua na sauti, uamuzi wa Anna ungekubalika. Tunampima mpenzi wake kama mahari. Tolstoy hakumpa Vronsky ukubwa huo. Alimpa uzuri, meno mazuri, uhodari wa kupanda farasi, uaminifu wa kijeshi, na upana wa moyo usiotosha mambo yaliyomkuta. Vronsky mdogo anatunyima ile nafuu ya kusema “kwa mwanaume yule, hata mimi ningefanya.”

Karenin ndiye niliyetaka kumfikia. Filamu ya 1935 ya Greta Garbo ilimpa Basil Rathbone nafasi hii akaicheza kwa ukatili baridi, na tangu hapo watazamaji wengi wanamjua Karenin kuwa jitu lisilo na damu ambalo mwanamke yeyote angelikimbia. Hilo ni rahisi mno, na linamwibia Tolstoy. Jude Law, aliyezoeleka kuwa kijana mzuri wa kila filamu, amejikausha humu: kichwa kimeanza upara, miwani, sauti isiyopanda. Tazama usiku ambao Anna, baada ya kujifungua mtoto wa Vronsky, anadhaniwa anakufa. Karenin anasamehe. Anamsamehe mkewe, anampa mkono mwanaume aliyemwaibisha, na katika riwaya anakiona kitoto kile kisicho chake kimeachwa bila mtu wa kukijali, anaanza kwenda kukitazama mara kadhaa kwa siku. Kisha anagundua jambo la kutisha: mji hautamruhusu kusamehe. Duara lile linataka mume aliyedanganywa acheze ama kichekesho ama kisasi, na msamaha hauna mahali katika mchezo. Law amelicheza hili kwa mabega tu, akiwa ameketi kwenye kiti katikati ya jukwaa tupu, taa za mbele ya jukwaa zimewaka miguuni pake. Mtu amefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwake na hana pa kuliweka. Anayeita hiyo filamu isiyo na moyo, nadhani alikuwa anatafuta moyo mmoja tu, wa kitandani.

Kuna mambo nayakubali. Mikono inayojisokota katika ile walzi, kazi ya msanifu wa ngoma Sidi Larbi Cherkaoui, kuna nyakati inazidi na kunifanya nimtazame msanifu badala ya wachezaji. Mihuri ya makarani nayo ingepungua. Na Levin amekatwa sana. Katika riwaya ana karibu nusu ya kitabu: ugomvi wake na kilimo, wakulima waliokuwa watwana hadi mwaka 1861 ambao sasa ni huru na hawamwamini, hofu yake ya kifo, kumtafuta Mungu hadi anaificha kamba asije akajinyonga. Filamu imebakiza penzi lake na Kitty, siku ya kufyeka majani pamoja na wakulima, na tone la imani mwishoni. Hilo ni pengo, na sitalipamba.

Lakini ona alivyotolewa mjini. Levin, amekataliwa na Kitty, anapita nyuma ya jukwaa, anafungua milango mikubwa ya jengo, na nje yake kuna Urusi: theluji halisi, anga halisi, iliyopigwa kule kule. Kwa mara ya kwanza tunapumua hewa. Kama filamu nzima ingepigwa kwenye majumba na mashamba ya kweli, milango ile isingekuwa na maana yoyote. Mashamba yangekuwa mandhari nzuri baada ya mandhari nzuri. Wapinzani wanaoomba uhalisi toka mwanzo hadi mwisho wanaomba, bila kujua, Levin anyang'anywe kitu pekee alichobakiziwa. Na sikubaliani na wanaosema filamu imefanya shamba kuwa pepo. Jasho la wafyekaji lipo, mikono yenye malengelenge ipo, na ndugu yake Nikolai anakuja kufia hukohuko.

Tukumbuke pia hadithi yenyewe ilikotoka. Mwezi Januari 1872, katika kituo cha reli cha Yasenki, karibu na shamba la Tolstoy la Yasnaya Polyana, mwanamke aitwaye Anna Pirogova alijitupa chini ya treni. Alikuwa akiishi na jirani mmoja wa Tolstoy, mwenye ardhi, ambaye alikuwa amemgeukia mwanamke mwingine. Tolstoy alikwenda kuuona mwili wake ulipokuwa ukichunguzwa. Mwaka uliofuata alianza kuandika, na kuanzia 1875 hadi 1877 riwaya ilitoka kipande kwa kipande katika jarida la Russkiy Vestnik, wasomaji wakisubiri kujua mwanamke huyu atakuwaje. Huko Hollywood, filamu bubu ya mwaka 1927, ya Garbo huyohuyo na John Gilbert, ilipewa miisho miwili, mmoja Anna anakufa na mwingine Karenin anakufa ili wapenzi waungane kwa furaha, wenye majumba ya sinema Marekani wachague watakachowaonyesha wateja wao. Tangu kituo cha Yasenki hadi majumba yale ya sinema, siku zote pamekuwa na watu waliokuja kutazama, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Wright hakutoa mwisho wa kuchagua. Anna anakufa, na filamu haiishii hapo. Katika riwaya tunaambiwa kwa kupitapita tu, katika maongezi ya mama yake Vronsky, kwamba Karenin amemchukua yule binti mdogo. Filamu imeichukua habari hiyo ya mstari mmoja ikaifanya picha yake ya mwisho. Karenin ameketi kwenye uwanda wa majani marefu na maua meupe. Seryozha anacheza na dada yake, mtoto wa Vronsky, anayeitwa jina la mama yake. Kamera inarudi nyuma taratibu, na tunaona kwamba uwanda huo umo ndani ya jengo lilelile: majani yamevuka ukingo wa jukwaa, yameshuka, yamefunika mahali palipokuwa na viti. Hakuna aliyekaa hapo. Mtoto anakimbia kati ya maua, na hakuna anayemtazama ila mtu yule aliyeketi, asiye baba yake.